Safari zangu za nje: treni ya Zambia, bibi wa Muscat na saa za Addis

Mimi napenda kusafiri tangu niko mdogo kabisa na mpaka leo haijapungua hata chembe, na nikisema kusafiri simaanishi kupiga picha uwanja wa ndege ukarusha statasi, namaanisha safari yenyewe, kukaa dirishani kutwa nzima unaangalia nchi inavyobadilika, udongo mwekundu unakuwa mweusi, nyumba za makuti zinakuwa za nyasi, kina mama wamefunga kanga halafu huko mbele wote wamefunga vitenge. Hiyo ndo starehe yangu. Kuna watu starehe yao mpira, wengine muziki, yangu mi ni tiketi.

Halafu kuna kitu watu wengi tunabishana. Ukitaja nje ya nchi kwa Mtanzania wa kawaida anawaza Dubai, China, Ulaya, yaani mahali pa kwenda na ndege, tena ukirudi uwe na begi jipya. Mi nje ya nchi yangu ya kwanza ilikuwa Mombasa kwa basi na naihesabu kabisa.

Sisi watu wa Tanga mpaka tunao hapo mlangoni, Horohoro, ukivuka tu uko Lungalunga Kenya, na bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo ambaye nusu ya ukoo wake uko Msambweni na Likoni. Wadigo hawakugawanyika wenyewe, waligawanywa, mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakakubaliana mstari kuanzia mdomo wa mto Umba kwenda mpaka Ziwa Victoria, shangazi akabaki huku mpwa akawa kule. Kwahiyo kila kukiwa na arusi au msiba bibi ananivalisha gauni la sikukuu tunapanda basi. Huko ndo nikaanza kuona mambo. Kiswahili kile kile ila kina mwendo wake, kanga zile zile, halafu pesa ina sura ya mtu mwingine, askari ana kofia nyingine, na asubuhi unaletewa mahamri na mbaazi za nazi ambazo hata kwetu zipo ila za Likoni zilikuwa na ladha ambayo mpaka leo naitafuta. Na viazi karai vya pale karibu na feri, vya moto, na ukwaju wake! Na feri yenyewe, umati wa watu unasubiri geti lifunguliwe halafu wanateremka wote kwa pamoja na baiskeli na mikokoteni, na anayetembea kwa miguu halipi hata senti. Nilikuwa mtoto nikajua kumbe mtu anaweza akawa nje ya nchi na hapo hapo yuko kwa shangazi yake.

Nadhani hilo lilinikaa moja kwa moja, manake safari zangu zote nilizozipenda zaidi ukiziangalia zina kitu hicho hicho, ama nimekwenda mbali sana nikakuta kwetu, ama nimekwenda hapo jirani nikakuta ugeni mtupu.

Ugeni wa jirani niliukuta Zambia. Nilienda na treni ya TAZARA, na nikiambiwa nichague safari moja tu ya kurudia kila mwaka mpaka nife nitachagua hiyo. Dar mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, reli iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kipindi ambacho Zambia ilikuwa na shaba yake lakini njia za kuitolea baharini zinapita kwa walowezi wa Rhodesia na makaburu wa Afrika Kusini. Nchi za magharibi ziliombwa zikasema hiyo reli hailipi, Mwalimu na Kaunda wakaenda kwa Mao. Historia hiyo niliisoma shuleni kama wenzangu wote nikajibu mtihani nikaisahau, nikaja kuielewa nilipokuwa juu ya reli yenyewe, unapopita handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, unajiuliza hapa mtu alianzia wapi kuchimba.

Kwenye behewa la daraja la pili chumba kina vitanda sita, la kwanza vinne, na wanawake wanalala kwao wanaume kwao, kwahiyo chumba chetu kilikuwa cha kina mama watupu. Walikuwepo wafanyabiashara wa Tunduma na mizigo yao ya vitenge na masufuria, mama mmoja mtu mzima wa Mbeya ambaye sote tulimwita mama bila kuulizana, na binti mwanafunzi. Treni haijafika mbali tumeshajuana nani ameolewa nani ameachika nani ana mtoto msumbufu. Kila mtu alikuwa na kikapu, maandazi, mayai ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, na mila ya mle ndani ni kwamba huli peke yako, ukifungua kikapu unawakaribisha wote hata kama ulitaka kubakiza ya kesho.

Jioni ya kwanza mnakatiza pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa saivi ndo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na unaona wanyama kwa nauli ya treni tu, twiga wamesimama wanawaangalia, nyumbu, swala wanakimbia sambamba na behewa. Usiku ni bonde la Kilombero, mashamba ya mpunga, kila kituo kuna sauti za watu na taa za simu na ndizi zinapandishwa madirishani. Halafu Mlimba, na kuanzia pale reli inaanza kupanda kuelekea Makambako, hicho ndo kipande chenyewe, mahandaki na madaraja yamefuatana, lile la mto Mpanga nguzo zake zina kama mita 50 kwenda juu. Kulipopambazuka tulikuwa bado tunapanda, ukungu umejaa mabondeni, baridi ya nyanda za juu imeingia mpaka kwenye mifupa sisi watu wa pwani, mama wa Mbeya akatoa blanketi la ziada akanifunika bila kuniuliza. Huyo mama sijui yuko wapi saivi, Mungu amtunze.

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja wenye mpaka katikati, Wanyamwanga wako huku na huku kama Wadigo wetu. Maafisa wa uhamiaji wa Zambia wanapanda humo humo kwenye treni, na wabadilisha pesa nao hawako mbali na vibunda vya kwacha. Sisi Watanzania hatuhitaji viza ya Zambia, unagongewa muhuri basi. Saa nazo zinarudi nyuma saa moja, umekula chakula cha mchana Tanzania unavuka unaambiwa bado mchana haujafika.

Kuanzia hapo ndo nikawa mgeni kwelikweli. Kibemba sikijui hata kidogo, Kiswahili kinakufa polepole kila kituo mnachokipita, Kasama, Mpika, Serenje. Watu wanasalimiana kwa kupiga makofi taratibu viganja vimekunjwa kidogo, na mwanamke akimpa mkubwa wake kitu anapiga goti. Watoto wa kituoni wananiambia mulishani, mi najibu kwa kucheka, dada mmoja akanifundisha kusema natotela nikawa nashukuru kila mtu. Nshima ni ugali, ila wao wanaupika laini zaidi na mweupe pee, na mboga zake zimenishinda kuzisahau, hasa ile ya majani yaliyoungwa na karanga za kusaga, ifisashi, nimejaribu kuipika nyumbani inakaribia lakini haifiki. Viwavi vilivyokaushwa, ifinkubala, nilivila na nikaomba tena, vina utamu wa dagaa wa kukaanga. Na dagaa wenyewe wapo, wanaitwa kapenta, na nilipofika Lusaka nikaambiwa wanatoka ziwa Kariba, kumbe Kariba ni ziwa la kutengenezwa na hao kapenta walipandikizwa miaka ya 1960 kutoka Ziwa Tanganyika. Yaani nimesafiri siku na siku kuja kula dagaa wa Kigoma!

Kitu kimoja cha njiani ambacho mtu wa Tanga hawezi kupita kimya. Reli inavuka mto Chambeshi huko kaskazini mwa Zambia. Sasa kwetu kila mtoto anajua vita ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walileta wanajeshi kutoka India wakapigwa, na nyuki wakaingia vitani, makaburi yapo mpaka leo. Jenerali wa Kijerumani aliyewapiga, von Lettow-Vorbeck, alikuja kupata habari kwamba vita imeisha Ulaya akiwa huko Chambeshi, Novemba 1918, siku kadhaa baada ya wenzake kuweka silaha chini, na akasalimisha majeshi yake Mbala ambapo zamani paliitwa Abercorn. Kutoka mji wangu mpaka mto ule ni miaka minne ya kutembea kwa miguu, na waliobeba mizigo ni babu zetu, wapagazi, waliokufa njiani maelfu kwa maelfu kwa njaa na kuhara na homa na wengi hawana hata kaburi. Nilisimama kwenye korido la behewa mpaka mto ukapotea. Binti mwanafunzi akaniuliza dada kuna nini huko nje, nikamweleza yote, na akaniambia hajawahi kuambiwa.

Maporomoko ya Victoria, Mosi-oa-Tunya, kila mtu ameshaona picha kwahiyo sitaeleza sana ila niseme hivi, picha zinadanganya. Upana kilomita 1.7, kimo mita 108, namba hizo nilizijua kabla. Nilienda mwezi wa nne maji yakiwa mengi kabisa na kwa karibu huoni kitu, unaona weupe tu na unasikia mngurumo kifuani, umelowa mpaka ndani, koti la mvua la kukodi halisaidii, na upinde wa mvua uko miguuni kwako si angani. Kwenye kile kidaraja cha waenda kwa miguu upande wa Zambia watu wazima walikuwa wanapiga kelele kama watoto, mi nikiwemo, na hakuna aliyemwonea mwenzie haya. Ukitaka kuona mwamba wenyewe nenda mwezi wa kumi au wa kumi na moja upande wa Zambia unakuwa karibu mkavu. Mi naona bora mwezi wa nne. Halafu tembea mpaka daraja la reli la mwaka 1905 linalounganisha Zambia na Zimbabwe, unaegemea chuma chini mto unachemka, upande huu nchi moja upande ule nyingine, na mabasi ya wafanyabiashara yanapita kama kawaida.

Sasa Oman. Hapa nitakaa.

Oman nilienda na ndege, hakuna ujanja, ila moyoni nilitaka sana kwenda na jahazi kama mabaharia wao walivyokuwa wanakuja kwetu. Upepo wa kaskazi unaleta, wa kusi unarudisha, karne na karne hivo hivo. Nilifikia Mutrah, ile sehemu ya zamani ya Muscat penye bandari, milima myeusi imesimama nyuma ya nyumba nyeupe, na soko lake limefunikwa juu, ubani unafuka kila kona. Jioni ya kwanza tu nimesimama dukani nanunua ubani naongea na mama kwa simu, kwa Kiswahili bila shaka, mzee wa pembeni amevaa kanzu na kofia akageuka akaniambia, "Watoka wapi, mwanangu?" Nikaishiwa nguvu. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo nadhani alikuwa hajaitumia siku nyingi. Nikasema Tanga. Akasema, "Tanga ipi, Ngamiani au Chumbageni?"

Kumbe amezaliwa Pemba na Tanga aliishi kwa mjomba wake akiwa kijana. Alinipeleka kwa mkewe, na mkewe huyo ndo bibi ninayemsema kila nikiongelea Oman. Nyumba ya kisasa, viyoyozi, magari mawili nje, ukiingia jikoni uko Wete, Pemba. Kuna mbuzi ya kukunia nazi! Nazi wananunua sokoni zimetoka mbali, anakuna mwenyewe, hataki ya kopo. Alinipikia muhogo wa nazi na papa, na wajukuu zake wanaongea Kiarabu na Kiingereza wakawa wananiangalia ninavyoongea na bibi yao kwa kasi, mmoja akajaribu kunisalimia kwa Kiswahili cha kuokoteza, bibi akacheka mpaka machozi.

Historia yao mnaijua, Sayyid Said alihamishia makao yake Zanzibar kwenye karne ya 19, watu wakafuata, wakaoana, wakazaliana, kisha mapinduzi ya Januari 1964, wengi wakakimbia wengine wakafa. Waliokwenda Oman wengi wao wakaja kupata nafasi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 alipowaita waliosoma warudi wajenge. Najua mada hii kwetu ina maumivu ya pande nyingi na kila mtu ana upande wake wa kusimulia, utumwa ulikuwepo na mauaji yalikuwepo. Sikwenda pale kuhukumu wazee. Bibi alinionyesha picha ya nyumba yao ya Pemba, haongei siasa, alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mti wa mshokishoki wa uani bado upo, na mimi Pemba sijafika mtaa ule nikamwambia bibi nitakwenda kuangalia. Nilikwenda, kusema kweli, na nikampelekea picha. Upo.

Huko Oman nilizunguka. Nizwa Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mbuzi, wauzaji wanazungusha wanyama kwenye duara wanunuzi wamekaa na kusimama pande zote, wanashika mbuzi meno, wanabishana bei kwa kupayuka, mama wa Kibedui na barakoa usoni anapata bei nzuri kuliko wanaume wote. Pembeni kuna ngome iliyojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, huyo ndo aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwanawe jeshi lake likaja kuwatoa Fort Jesus Mombasa mwaka 1698. Fort Jesus ile ile niliyokuwa napita nje yake na bibi tukienda sokoni! Kuna na mifereji ya maji, falaj, inayotoka milimani mpaka kwenye mitende, na maji yanagawiwa kwa muda, zamu yako inapimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku, na mfumo huo una karne nyingi na mingine bado inatumika. Nilikaa pale miguu ndani ya maji baridi nikala tende. Halua yao ya samli na zafarani na hiliki inaliwa kwanza, ndo kahawa inafuata kwenye kikombe kidogo, ukitosheka unakitikisa kikombe, usipokitikisa watakumiminia mpaka asubuhi.

Sur je. Mji wa mabaharia, ndo walikokuwa wanatoka majahazi mengi ya kuja kwetu. Bado kuna karakana wanatengeneza majahazi kwa mbao, na lipo moja kubwa la mwaka 1951, Fatah al-Khair, wamelitunza liko nchi kavu unaweza kulizunguka. Mafundi hawana mchoro, wanapima kwa macho na uzi. Nyumba ya zamani niliyoingia dari lake ni boriti za mikoko, na mwenyeji akaniambia zilitoka Afrika, huko huko Rufiji na Lamu, majahazi yalileta tende na samaki mkavu yakirudi yakabeba boriti. Nilinyanyua mkono nikazigusa.

Ethiopia ni kisa kingine. Nilipofika Addis dereva aliniambia kesho nitakufuata saa mbili asubuhi. Nikalala. Akaja saa mbili, saa mbili YETU, jua limeshatoka saa mbili zilizopita. Wazungu waliokuwa gesti moja na mimi walikuwa wanahangaika na saa tangu wafike, wanaambiwa saa nne wanasubiri alfajiri, mi nilikuwa kama niko Tanga, manake Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, siku inaanza jua likitoka na si katikati ya usiku watu wamelala. Ukikaa karibu na ikweta jua halichezi sana mwaka mzima, kwahiyo ina mantiki kabisa. Kalenda yao ndo nyingine, miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 halafu kamwezi kadogo ka siku tano au sita, mwaka mpya wao ni Septemba na mwaka wao uko nyuma ya wetu miaka saba au minane. Kwahiyo saa zetu sawa, miaka tofauti!

Kahawa pale ni ibada. Wanatandaza majani mabichi sakafuni, dada anakaa kwenye kigoda, anaosha kahawa, anaikaanga mbele yenu, anawazungushia moshi wake mnuse mmoja mmoja, anatwanga, anachemsha kwenye jebena la udongo, ubani pembeni na bisi kwenye sinia. Vikombe ni raundi tatu, abol, tona, na ya tatu baraka, ukiondoka kabla ya ya tatu umeikimbia baraka. Mi nimekulia mji wa kahawa chungu na kashata, wauza kahawa wa Tanga wanapita na mabirika yao ya makaa wakigonganisha vikombe, nilidhani najua kahawa. Na injera, ule mkate wao mpana mlaini, wanakula sinia moja wote, halafu mwenyeji anakata tonge anakulisha mwenyewe mdomoni kwa mkono wake, kubwa, na huwezi kukataa.

Harar nilikwenda kupitia Dire Dawa, mji uliozaliwa na reli ya Djibouti mwanzoni mwa karne iliyopita, na mi mtoto wa mji wa reli (ya Tanga ilianza kujengwa 1893) nilikaa pale stesheni ya zamani muda mrefu kuliko watu wanaokwenda kuangalia makanisa. Kutoka hapo unapanda milima mpaka Harar, mji wa Kiislamu wenye ukuta kuuzunguka na milango ya kale mitano, misikiti zaidi ya 80 humo ndani na mingine midogo kama chumba. Vichochoro vyake ni Lamu kabisa, ila kuta za rangi, kijani, bluu, waridi. Usiku fisi wanakuja nje ya ukuta, fisi wa porini wa kweli, na kuna wanaume wanawalisha nyama kwa kijiti, mkono, hata mdomo. Kwetu fisi ana sifa mbaya zote, uchawi na uroho, wenyeji kule wanasema wanasafisha mji na mabaya yake. Nilimlisha mmoja. Pumzi yake inanuka vibaya sana na macho yake ni mazuri.

Istanbul naigusa tu kwa sababu ya vivuko vyake. Watu wanakwenda kwa ajili ya misikiti na manunuzi, mi nilikuwa napanda kivuko Eminönü nashuka Kadıköy upande wa Asia, narudi, napanda tena, chai kwenye kigilasi, shakwe wanafuata watu wanaowarushia vipande vya simit, mkate wao wa duara wenye ufuta. Bara mpaka bara kwa muda wa kunywa chai moja. Nilimkumbuka sana bibi na Likoni yetu.

Haya lile swali la pesa unatoa wapi, manake najua litakuja. Mi ni mwajiriwa wa kawaida. Sinunui vitu, kwanza. Pili nasafiri chini, basi na treni na gesti za kawaida, nalala kwa watu nikikaribishwa na nikija na zawadi. Kanga ndo zawadi bora duniani, hazivunjiki, hazina uzito, na bibi wa Muscat alizinusa kabla ya kuzifungua. Pasipoti ya elektroniki ni shilingi 150,000, kadi ya njano ya chanjo usiisahau, na anza na nchi zisizotaka viza kwetu, Kenya, Malawi, Zambia, Zimbabwe, hizo tu zinakumaliza likizo za miaka. Ratiba ya treni ya Zambia hubadilika kwahiyo ulizia stesheni yenyewe pale TAZARA Dar kabla ya kuomba ruhusa kazini. Kina dada mnaoniuliza kama ni salama kusafiri peke yako, jibu langu ni kaa karibu na kina mama. Popote pale. Kwenye basi, kwenye treni, kituoni, tafuta mama mwenye kikapu ukae pembeni yake umwamkie, umeshapata mlinzi na chakula.

Ninayoisubiri saivi ni Ziwa Tanganyika. MV Liemba, ile meli Wajerumani waliijenga 1913, wakaizamisha wenyewe 1916 ili Waingereza wasiipate, ikaibuliwa 1924 na kuanza tena kubeba abiria 1927, imekuwa kwenye matengenezo na mi nataka ikirudi majini niwe kwenye safari za mwanzo mwanzo, Kigoma mpaka Mpulungu kule Zambia, vile vijiji visivyo na gati ambako mitumbwi inakuja kuizunguka meli usiku kupakia watu na magunia ya dagaa. Nikifika Mpulungu nataka kupanda mpaka Mbala nikaone pale jenerali aliposalimisha jeshi, nimalize njia ya wale wapagazi. Kama kuna mtu yuko Kigoma anajua meli imefikia wapi, au kama kuna boti nyingine ya abiria inayofika mpaka Mpulungu kwa sasa, aniandikie hapo chini, na bei kama anaijua.